Italia siku nane na mamangu, shule zikifungwa Oktoba: nipunguze nini?

MwalimuKibokoni

Assalaam aleikum, na salamu kwa wote.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa kisiwani Mombasa, nafundisha Masomo ya Jamii. Mwaka huu zamu ya chama chetu imenifikia. Pesa hizo, pamoja na nilizokuwa nikiweka kidogo kidogo tangu 2019, nimeamua nimpeleke mamangu Italia. Mimi sijawahi kutoka Afrika Mashariki. Mamangu hajawahi kupanda ndege.

Kwa nini Italia? Kila mwaka nawapeleka wanafunzi wangu Fort Jesus, na kila mwaka nawaeleza kuwa aliyeichora ngome ile, Giovanni Battista Cairati, alikuwa Mtaliano wa Milan aliyewatumikia Wareno, na kwamba ujenzi ulianza 1593. Nimelisema hilo mara nyingi mpaka nimeingiwa na hamu ya kuona nchi iliyotoa mafundi kama yule. Mamangu ana sababu yake. Yeye ni mzaliwa wa Lamu, kuolewa ndiko kulikomleta Mombasa. Zamani aliambiwa kuwa Ulaya kuna mji hauna gari hata moja, watu huenda sokoni na hospitali kwa mashua, vichochoro vyake vyembamba kama vya Lamu. Tangu hapo huniuliza habari za mji huo. Ni Venezia.

Tutaondoka shule zikishafungwa, mwisho wa Oktoba, turudi wiki ya kwanza ya Novemba. Mpango wangu mpaka sasa: tulale Roma siku mbili, Napoli moja kwa ajili ya Pompeii, Firenze moja na tupite Pisa, Venezia mbili, halafu Milan mbili.

Yanayonitia wasiwasi ni haya. Mamangu ana miaka 66 na goti la kulia linamsumbua, hasa kwenye ngazi. Hatuli nguruwe wala chochote chenye pombe. Nimesoma kwamba Novemba Venezia hufurika maji. Na viza sijaanza hata kujaza fomu. Tafadhalini, mliokwenda, niambieni mpango huu unawezekana au nipunguze.

BabaZainabu_Malindi

Wa aleikum salaam, mwalimu. Mpe mama shikamoo yangu.

Nimehudumu mezani katika hoteli za Malindi miaka kumi na minane. Kiitaliano nimekijulia papo hapo, kama wenzangu wengi wa Malindi, na Italia nimekwenda mara mbili, zote mbili Oktoba kuingia Novemba kwa sababu ndipo tiketi ilipokuwa nafuu. Mpango wako nimeusoma mara mbili. Punguza, mwalimu. Punguza sana.

Hesabu nawe. Kila mnapohama mji, asubuhi mnafunga mabegi, mnatoka hotelini, mnakwenda stesheni, mnasafiri, mnatafuta hoteli mpya, na hiyo haiwapi chumba mpaka saa nane au saa tisa mchana. Nusu siku imekwisha. Mkihama mara nne, siku mbili kamili zimeliwa na mabegi. Tena mchana wao wakati huo ni mfupi. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma, na kuanzia hapo tunawatangulia kwa saa mbili badala ya moja. Roma jua linazama kama saa kumi na moja jioni. Hapa kwetu saa kumi na moja ndiyo kwanza watu wanatoka kwenda kupunga upepo Mama Ngina.

Pompeii iache. Si kwamba haifai, mji ule uliofukiwa na Vesuvius mwaka 79 ni kitu cha ajabu, lakini ni kutembea saa nyingi juu ya mabamba ya mawe yasiyo sawa, na goti halitakubali. Pisa iache pia. Milan najua itakuuma kwa sababu ya Cairati wako, lakini kazi yake iko hapo hapo Mombasa, unaiona kila mwaka. Kaeni Roma siku nne, Firenze mbili, Venezia mbili. Ethiopian wanakwenda Roma na Milan kutoka Addis Ababa, kwa hivyo uliza tiketi ya kuingilia Roma na kutokea Milan. Kutoka Venezia hadi Milan ni treni ya saa mbili na nusu hivi. Kurudi Roma kutoka Venezia ni kama saa nne, siku nyingine inapotea njiani.

Treni za kasi ni za kampuni mbili, Trenitalia na Italo. Roma hadi Firenze ni saa moja na nusu, Firenze hadi Venezia ni saa mbili na dakika chache. Ukinunua mapema bei iko chini, ukinunua siku ile ile utalia. Ya Venezia angalia jina la stesheni: mnataka Venezia Santa Lucia, iliyo kisiwani. Venezia Mestre iko bara, wageni wengi hushukia huko kwa makosa. Na mkipanda treni ya kawaida ya mkoa kwa tiketi ya karatasi, igongeni kwenye kimashine kilicho jukwaani kabla ya kupanda. Mara yangu ya kwanza nilikuwa na tiketi niliyoilipia kihalali, iko mfukoni, sikuigonga. Mkaguzi alinitoza faini mbele ya behewa zima. Nilijieleza kwa Kiitaliano, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaandika risiti.

Roma kwanza ni Colosseo, ule uwanja wa michezo wa kale. Tiketi ya kawaida ni yuro 18, ina saa yako maalumu ya kuingia na jina lako, na mlangoni wanalinganisha na pasipoti. Hufunguliwa kuuzwa siku 30 kabla, kwa hivyo weka alama kwenye kalenda uinunue siku hiyo hiyo. Tiketi hiyo inawaingiza pia Foro Romano na mlima wa Palatino. Ndani ya Colosseo kuna lifti, mwulize mlinzi, msione haya. Jumapili ya kwanza ya mwezi ni bure, lakini kwa mama ikwepeni, foleni yake ni ya kuvunja miguu. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa ya mwisho wa mwezi, na tarehe 1 Novemba hufungwa kwa sikukuu ya Watakatifu Wote. Nyinyi mtakuwa huko siku hiyo, angalieni msije mkaipanga ndiyo siku ya Vatikani. Kuingia kanisa la Mtakatifu Petro lenyewe ni bure. Mabega na magoti sharti yafunikwe, na kwa mavazi ya kwetu hilo si tatizo.

Zile ngazi mashuhuri za Piazza di Spagna, 135 kwa idadi, msikae juu yake kupumzika. Tangu 2019 ni marufuku na kuna faini. Nasema kwa sababu mtu mwenye goti akiziona atataka kukaa.

Sasa nikwambie kitu kimoja cha Roma. Watu wote huomba jua. Nyinyi mvua ikinyesha, nendeni Pantheon. Kiingilio ni yuro 5. Ni jengo la karibu miaka 1,900, na kuba lake ni la zege lisilo na chuma ndani. Upana wake ni mita 43 na ushei, na kutoka sakafuni hadi juu ni vivyo hivyo. Katikati ya kuba pameachwa tundu wazi la mita tisa hivi. Halina kioo wala kifuniko. Nilipoingia ilikuwa inanyesha nje. Watu walikuwa wamesimama ukutani pande zote, wameiacha duara tupu katikati, na mvua inashuka ndani ya ile duara kutoka juu kabisa, polepole, unaziona tone moja moja kwa sababu nuru nayo inatoka hapo hapo. Nikatazama chini. Sakafu ya marumaru ina mwinuko mdogo katikati, hata huuoni, na kuna vijitundu vidogo kama vya kifungo ambamo maji yanaingia na kupotea. Walioijenga walijua mvua itaingia, wakaipa njia ya kutoka. Nilikaa pale karibu saa nzima. Ningekuwa na miji mitano ya kumaliza ningekaa dakika kumi.

Venezia nitaandika baadaye, sasa naitwa kazini.

BintiWaKisauni

Dada mwalimu, anza na viza leo, mengine yatafuata. Ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisichelewe zaidi ya siku kumi na tano kabla. Lakini usikae mpaka hapo, kwa sababu nafasi za miadi Nairobi hujaa. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na ikikataliwa hairudi. Bima ya safari isipungue yuro 30,000. Pasipoti iwe na angalau miezi mitatu mbele baada ya siku ya kutoka kwao, na kurasa mbili tupu.

Lazima mwende wenyewe wawili kutoa alama za vidole. Mimi nilipanda treni ya SGR ya usiku kutoka Miritini, nikafika Nairobi asubuhi, nikamaliza, nikarudi nayo usiku. Kwa mama mkatie daraja la kwanza, kiti cha daraja la kawaida kwa goti bovu ni adhabu.

Nakuambia kilichoniangusha mara ya kwanza, maana mimi nilikataliwa. Barua ya mwajiri ilisema mshahara kiasi fulani, taarifa ya benki ikaonyesha kingine, kwa sababu nusu ya pesa zangu zilikuwa zinapitia kwenye simu na sikuambatisha taarifa ya M-Pesa. Tena wiki moja kabla ya kuomba, ndugu zangu walinitumia pesa nyingi kwa mpigo ili akaunti ionekane imejaa. Usifanye hivyo hata kidogo. Wewe pesa yako ya chama itaingia kwa mkupuo, kwa hivyo pata barua ya chama yenye muhuri inayoeleza ni zamu yako, na weka na kitabu cha michango. Kwa mama andika barua kwamba wewe ndiye unayemgharamia, uambatishe cheti chako cha kuzaliwa kinachoonyesha jina lake. Ruhusa ya kazini na barua inayosema unarudi kufundisha muhula wa kwanza ni muhimu sana. Hoteli chukua zile ambazo ukizifuta mapema hudaiwi kitu.

Na kule uwanja wa ndege, tangu Oktoba 2025 wameanza mtindo wa kuandikisha wageni kwa picha na alama za vidole mpakani. Foleni huweza kuchukua muda, kwa hivyo mama atembee na kitu cha kula mkobani.

Juma_Likoni

Nakubaliana na Baba Zainabu kuhusu kupunguza, ila mimi ningeitoa Firenze pia. Roma siku tano, Venezia tatu, basi. Firenze ni picha na sanamu, na watu wa kwanza kwenda Italia huchoka na picha siku ya tatu. Duomo, kanisa lao kuu, ni zuri mno kwa nje, lakini kulipanda kuba lake ni ngazi 463 bila lifti, mama hawezi. Makumbusho ya picha ya Uffizi na ile nyumba ya sanamu ya Daudi zote hufungwa Jumatatu. Mkifika siku hiyo mtazunguka barabarani tu. Nilifika Jumatatu mimi, ndiyo maana nasema.

BabaZainabu_Malindi

Juma ndugu yangu, kwa heshima, hilo la Firenze sikubaliani. Ulifika Jumatatu. Ungefika Jumanne ungesema mengine. Mwalimu ni mtu wa historia. Daudi wa Michelangelo ana zaidi ya mita tano, alichongwa kati ya 1501 na 1504 kutoka jiwe moja la marumaru ambalo mafundi wengine walilianza wakaliacha. Picha zote alizowahi kuona hazimwandai mtu kwa ukubwa ule. Na kuna jambo ambalo mwalimu atalipenda: lile daraja lao la zamani, Ponte Vecchio, lilikuwa na mabucha. Mtawala wao akawaondoa wachinjaji kwa sababu ya harufu, akawaweka masonara, na mpaka leo ni maduka ya dhahabu matupu pande zote mbili. Amri hiyo ilitolewa 1593. Mwaka ule ule mlioanza kujengewa Fort Jesus.

Firenze ni mji tambarare katikati, mambo yote yako karibu, goti litapumzika. Siku mbili zinatosha, mradi moja isiwe Jumatatu.

MwalimuKibokoni

Mungu awalipe kheri nyote. 1593! Nimemsomea mamangu kwa sauti, kisha nikalala nikiifikiria tarehe hiyo.

Nimeamua: Pompeii, Pisa na Milan zimetoka. Ethiopian nimewauliza, ya kuingilia Roma na kutokea Milan ipo, tutalala Milan usiku wa mwisho tu karibu na stesheni. Dada wa Kisauni, barua ya chama nimeiomba jana, mwekahazina ataitia muhuri Ijumaa.

Jumamosi nilifanya jaribio. Nilimpeleka mama Fort Jesus asubuhi, tukatembea saa mbili kamili, ndani kote na juu ya kuta, nikawa naandika dakika kwenye daftari. Alihimili dakika arubaini kabla ya kuomba kukaa. Kupanda ngazi hakukumsumbua sana. Kushuka ndiko kulikomuuma, alinishika bega. Baada ya kukaa robo saa akaendelea dakika ishirini na tano nyingine. Sasa najua. Kila mpango wa siku nitaupima kwa dakika arubaini, kisha kiti.

Nauliza mawili. Kwanza chakula na ibada: tutakula nini, na maji ya kujisafishia yapo? Mamangu hilo la maji linamnyima usingizi kuliko ndege yenyewe. Pili, Baba Zainabu, ulituahidi Venezia. Yale madaraja ya ngazi nimeona picha zake nikaogopa, na mafuriko je?

UmmuSalim

Nimekaa Roma miaka minne nikilea watoto wa familia moja, kwa hivyo la chakula na maji nijibu mimi.

Maji kwanza, ili mama alale. Kule sheria ya ujenzi tangu 1975 inataka nyumba iwe na bide bafuni, lile beseni dogo la chini kando ya choo. Hoteli nyingi nazo zinalo. Uliza kabla ya kulipa, neno ni hilo hilo, bide. Kwa vyoo vya nje beba kichupa. Cha kujaza hakikosekani, Roma mitaani kuna mabomba ya chuma yanayotiririka maji safi usiku na mchana, wanayaita nasoni, yapo kama 2,500. Maji yake ni ya kunywa, baridi, bure. Msinunue chupa.

Chakula: neno la kujua ni maiale, nguruwe. Semeni "senza maiale", bila nguruwe. Lakini msitegemee neno hilo peke yake, kwa sababu kuna vyakula ambavyo wao hawavihesabu kuwa nyama. Tambi za carbonara na amatriciana zina guanciale, hiyo ni shavu la nguruwe. Mikate mingine ina strutto, mafuta ya nguruwe. Wali wao wa risotto hutiwa mvinyo karibu kila mara. Tiramisu mara nyingi ina pombe. Kilicho salama: pizza margherita na marinara, tambi za cacio e pepe ambazo ni jibini na pilipili manga, samaki wa kukaanga, mboga. Nyama ya halali iko mtaa wa Esquilino, karibu na Piazza Vittorio, mwendo mfupi kutoka stesheni ya Termini. Wabangladeshi wana maduka na mikahawa huko, mtapata wali na mchuzi wa kuku unaokaribia wa nyumbani. Siku ya tatu mama atauhitaji, niamini.

Kahawa yao inanyweka wima, mbele ya kaunta, kikombe kidogo, mafunda mawili matatu na umemaliza. Kama ya muuza kahawa wa Kibokoni, tofauti ni kwamba hakuna benchi la kukaa na kuzungumza. Mkikaa mezani bei hupanda, na penye uwanja mashuhuri hupanda sana. Lakini kwa mama lipieni kiti, ndicho kile kiti cha dakika arubaini.

Msikiti Mkuu wa Roma uko upande wa kaskazini, ulifunguliwa 1995, mkubwa na mzuri, nguzo zake zinachanua juu kama miti. Ijumaa nje huwa na soko dogo la vyakula na nguo. Wakati huo wa mwaka adhuhuri inaingia kama saa sita, alasiri kabla ya saa tisa, magharibi kama saa kumi na moja. Sala tatu ndani ya saa tano. Pangeni mizunguko yenu kwa hilo.

Nguo: mchana Roma huwa nyuzi 18 hadi 20, usiku 10 au 11. Venezia punguzeni nne tano. Msinunue makoti mapya, nendeni Kongowea kwenye mitumba mapema, mchague koti lisilopenya maji, na fulana nyepesi za kuvaa mbili mbili ndani. Viatu ni muhimu kuliko koti. Mawe ya barabara za Roma yakilowa huteleza. Mama avae kiatu kilichozoea mguu wake, kisicho na kisigino, na akianze sasa.

BabaZainabu_Malindi

Haya, Venezia.

Mwambie mama kwamba mafuriko hayo ni bamvua. Yeye ni wa Lamu, atanielewa kabla yako. Maji hupanda mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na upepo wa kusi wa kwao, sirocco, ukivuma wakati huo unayasukuma maji ndani ya ziwa lao, hayatoki. Kwao mwendo wa maji ni mdogo, hata mita moja huwa jambo. Sisi huku wakati wa bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu na mashua zinakaa mchangani. Lakini mji wao umejengwa chini mno, uwanja wa San Marco ndio sehemu ya chini kabisa. Novemba 2019 maji yalifika sentimita 187, yalikuwa mabaya. Tangu Oktoba 2020 wanatumia MOSE, milango mikubwa ya chuma iliyolala chini baharini kwenye midomo ya ziwa. Wakitabiri maji makubwa wanaiinua na kuzuia bahari nje. Kwa hivyo mafuriko ya kutisha si kama zamani. Maji madogo bado huweza kuingia San Marco, na hapo wanatandika majukwaa ya mbao ya kupita juu. Hupungua ndani ya saa chache, kama maji yoyote. Chagueni siku za maji mafu kama tarehe zenu zinaruhusu, kalenda ya mwezi itawaambia.

Madaraja kweli ni mengi, yanapita mia nne, na mengi yana ngazi kupanda na kushuka. Dawa yake ni kutotembea. Pandeni vaporetto, ndiyo matatu yao ya majini. Tiketi moja ni yuro 9.50 kwa dakika 75, ghali, kwa hivyo nunueni ya siku nzima, yuro 25, mpande mpaka mchoke. Hoteli ichagueni kwa kigezo kimoja tu: kutoka gatini hadi mlangoni kusiwe na daraja. Waandikieni muulize hivyo hivyo. Mkitoka stesheni ya Santa Lucia, maji yako mbele yenu, mnashuka ngazi mnajikuta gatini. Chukueni mstari wa 1, ule unaosimama kila mahali, upite Mfereji Mkuu wote mpaka San Marco, kama dakika arubaini na tano. Tafuteni viti vya nje. Mtaona boti ya takataka, boti ya wagonjwa yenye king'ora, boti ya matofali na saruji, boti ya mboga. Mama ataona mji unaofanya kazi yake yote majini, na hilo ndilo aliloambiwa.

Lile la gondola, msihisi mna deni nalo. Bei rasmi ya mchana ni yuro 90 kwa nusu saa. Kuna gondola za kuvusha, traghetto, zinazokata Mfereji Mkuu kutoka ng'ambo hadi ng'ambo kwa yuro mbili. Ni dakika mbili tatu tu, wapiga makasia wawili, kama kuvuka na dau.

Sasa nakuuliza: mama hushona?

MwalimuKibokoni

Anashona kofia za viua tangu msichana. Macho yamepungua lakini mkono bado. Umejuaje?

BabaZainabu_Malindi

Sikujua, nilitumaini. Mama wa Lamu wa umri huo.

Basi siku ya pili ya Venezia msiipeleke makumbusho yoyote ya mjini. Nendeni Fondamente Nove, pandeni mstari wa 12 hadi kisiwa cha Burano, kama dakika arubaini na tano. Nyumba zimepakwa kila moja rangi yake. Wanawake wa huko walishona lesi kwa sindano, na mshono wao wanauita punto in aria, yaani mshono wa hewani, kwa sababu nyuzi hazishikwi na kitambaa. Wanaanzia kwenye karatasi, na wakimaliza kitambaa cha chini wanakikata na kukitoa, inabaki nyuzi iliyojishikilia yenyewe. Skuli ya lesi ilianzishwa 1872, na jengo lake ndilo makumbusho sasa, Museo del Merletto, uwanjani penyewe. Jumatatu hufungwa. Nilipokwenda walikuwepo akina bibi wawili wamekaa dirishani penye mwanga, mto mgumu mapajani, wanashona huku wanazungumza. Mmoja alikuwa akiweka sindano mdomoni kila anapogeuza kazi, kama nyanya yangu. Nilisimama nikashindwa kuondoka.

Mama achukue kofia moja aliyoshona, aiweke mkobani. Lugha haitahitajika.

Maduka ya nje mengi yanauza lesi ya mashine iliyotoka mbali. Yeye ataijua kwa kuigeuza nyuma.

MwalimuKibokoni

Nimemsomea. Alikuwa jikoni anakuna nazi, akaacha mbuzi, akaniambia nirudie pale pa kitambaa kukatwa na kutolewa. Nikarudia. Akaniuliza wanaanzaje fundo la kwanza kama hakuna cha kushikia, nikamwambia sijui mama, tutamuuliza bibi wa dirishani. Jioni alitoa kofia mbili kutoka sandukuni, akazitazama chini ya taa, moja akairudisha.

Miadi ya Nairobi tumepata, Jumanne baada ya wiki mbili, na daraja la kwanza la SGR ya usiku nimeliangalia, dada wa Kisauni, lakini naona tutakwenda mchana na tulale kwa binamu. Ummu Salim, viatu tumenunua Kongowea leo, anavitembelea ndani ya nyumba. Baba Zainabu, tarehe zetu za Venezia ziliangukia mwezi mpevu, nimezigeuza: tunaanza Venezia baadaye kidogo, Roma imekuwa siku tano na Firenze mbili. Venezia zimebaki siku mbili, na ya Milan nimeilipia juu yake. Siku ya Burano ni Jumatano.

Swali la mwisho kwako: yule bibi akikubali mama aishike kazi yake, kwa Kiitaliano mama aseme nini?

BabaZainabu_Malindi

"Posso?" Ni "naweza?" Neno hilo moja, na mkono uwe wazi. Akimaliza, "bellissimo".